Shajara ya mradi: kuwaita wanablogu na watengeneza tovuti wa Lubumbashi

Hii ni shajara ya mkutano mdogo: siku moja, ukumbi mmoja, watu wanaoandika blogu na wanaotengeneza tovuti hapa Lubumbashi, Kongo. Nimeiandika kidogo kidogo kila hatua ilipokwisha, ili mtu wa Likasi, Kolwezi au Kalemie anayetaka kufanya kama sisi asiingie mashimo yaleyale. Tulikuwa watano: dada mmoja mwenye blogu ya mapishi, vijana wawili wanaotengeneza tovuti za maduka na makanisa, yaya wetu mhasibu (yaya hapa ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto) ambaye kazi yake ilikuwa kusema "hapana", na mimi niliyeangukiwa na kazi ya kutangaza. Kwa hiyo humu utakuta habari za kutangaza kuliko kitu kingine. Viti na chai havikutusumbua, navyo nimevipa mstari mmoja.

Bei nimeziweka kwa dola. Vitu vidogo tulilipa kwa faranga, na kambiste wa kona alitubadilishia dola moja kwa faranga kama 2,800 miezi yote hiyo.

8 mwezi wa 6, 2024. Jina

Tulikutana Kamalondo, uani kwa dada, tukiwa na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na daftari moja. Yaliyokubaliwa haraka: Jumamosi 28 mwezi wa 9, watu 80, Kiswahili au Kifaransa, kila msemaji achague. Mwezi wa 9 mvua bado iko mbali, shule zimeshafunguliwa, na wazazi wamekwisha kukimbizana na ada.

Kisha likaja jina, na hapo tukajikwaa kabla ya kutembea. Mmoja wa vijana alikuwa amesoma habari za WordCamp, mikutano ya watu wa WordPress, programu ya kujengea blogu na tovuti, iliyoanza San Francisco mwaka 2006, miaka 3 baada ya WordPress yenyewe kutolewa. Sisi sote tunatumia WordPress. Basi tukasema mkutano wetu ni WordCamp ya Lubumbashi, kwisha maneno. Kijana akaenda mjini kesho yake, akalipa nembo na kaliko moja, yaani bango la kitambaa, la mita nne.

Mimi masharti niliyasoma siku tatu baadaye. Jina WordCamp ni alama iliyosajiliwa ya shirika la WordPress Foundation. Huwezi kulibandika popote mpaka uombe na ukubaliwe, na wanaoomba wanatarajiwa kwanza kuwa na kikundi cha mtaani kinachokutana. Wana masharti pia kuhusu wadhamini na bei ya tiketi, ambayo lazima iwe ndogo. Hata neno "wordpress" ndani ya domeni yako, yaani jina la anwani ya tovuti, haliruhusiwi. Sisi kikundi kinachokutana hatukuwa nacho. Tulikuwa na kikundi cha WhatsApp cha watu 37, nusu yao wakiuza viatu.

Hasara: dola 45. Kaliko lile leo linafunika jenereta ya mama yangu. Mkutano tukauita kwa kazi yake tu, "mkutano wa watu wa blogu na saiti", na nembo tukaiacha kabisa. Ukitaka lile jina kubwa, anza na vikutano vya kila mwezi, kisha uombe. Ndivyo tunavyofanya sasa.

Domeni: tulitamani mwisho wa .cd, alama ya nchi yetu tangu 1997 ilipokuja kuchukua nafasi ya .zr ya Zaire. Yaya mhasibu akasema hapana. Tukachukua .org pamoja na nafasi ya kuhifadhi tovuti kwa mwaka, dola 48.

29 mwezi wa 6. Ukumbi

Ukumbi wa shule moja Kamalondo, dola 80, viti ndani ya bei. Mama mwenye funguo alitupa sharti moja tu, kwamba mchana kuna harusi. "Mutoto yangu, ikifika saa nane nataka nione viti tupu." Tukakubali. Sharti hilo lilikuja kutuumbua, lakini kwa njia ambayo hakuna aliyeiwaza.

Jambo moja la kunakili: kwenye tangazo usiandike avenyu na namba. Tuliandika "Kamalondo, upande wa uwanja wa Mazembe" na hakuna hata mmoja aliyepotea, maana kila manseba (dereva) wa pikipiki anaujua uwanja ule hata akiwa usingizini.

20 mwezi wa 7. Ukurasa

Tovuti ilikuwa tayari kwa siku mbili. Kuipunguzia uzito kulichukua wiki mbili.

Picha ya juu, mti wa jakaranda uliochanua mbele ya jengo la zamani la mjini, ilipigwa kwa simu nzuri na kupandishwa ilivyo: megabaiti 4.6. Nyumbani kwangu ilifunguka. Nilipompa mdogo wangu afungue kwa mega zake, yaani intaneti ya kununua kwenye simu, alisubiri, akatazama juu, akarudisha simu: "Yaya, hii itakula mega zangu zote mbele sijaona tarehe." Tuliipunguza upana hadi pikseli 1,200, tukaigeuza kuwa WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, ikabaki kilobaiti 90. Herufi za mapambo tulizokuwa tunazivuta kutoka mbali tukaziondoa, zikabaki za simu yenyewe. Ramani nayo tukaiondoa. Ukurasa mzima sasa ni kilobaiti 210, na macho ya mtu wa kawaida hayaoni tofauti.

Tatizo la pili lilijificha zaidi. Watu hapa hawaandiki anwani ya tovuti kwa vidole. Wanaipokea WhatsApp na kuibofya, na kinachowafanya wabofye ni ile picha ndogo inayotokea juu ya linki. Yetu haikutokea. Linki ilikuwa mstari wa bluu mtupu, kama zile za matapeli wanaokuahidi mega za bure. Tulikagua alama za Open Graph kwenye ukurasa, zile zinazosema picha na kichwa gani vionekane na linki, zote zilikuwepo. Kumbe picha iliyotajwa ndani yake bado ilikuwa ile nzito ya kwanza, na WhatsApp ikiona picha kubwa mno inaiacha kimya kimya bila kukuambia. Tukatengeneza nyingine ya pikseli 1,200 kwa 630, chini ya kilobaiti 300. Bado. Hapo niliharibu jioni nzima. WhatsApp ya simu yangu ilikuwa imeshika kumbukumbu ya zamani. Nilipoongeza alama ya kuuliza na herufi moja mwishoni mwa anwani, ikaichukua kama anwani mpya, na jakaranda likatokea. Facebook wana chombo chao cha kukagua linki kinacholazimisha ukurasa usomwe upya. Kipitie kabla ya kutuma kwa mtu yeyote, maana linki ikishasambaa uchi huwezi kuivisha.

Tatu, formuleri ya kujiandikisha. Tuliomba jina, barua pepe, na "unatarajia nini". Wiki ya kwanza: watu 9. Dada wa mapishi alikaa na jirani yake akamtazama akijaza. Jirani alifika kwenye barua pepe akasimama. Anayo, alifunguliwa na yule aliyemuuzia simu, lakini haijui. Tukaondoa barua pepe, tukaondoa na lile swali la matarajio ambalo lilinuka mtihani, tukabaki na jina na namba ya simu. Wiki iliyofuata: 58.

10 mwezi wa 8. Afishi

Hapa ndipo pesa ilipoingia shimoni, na hapa ndipo nilipojifunza mengi kuliko mahali pengine.

Tulichapa afishi, yaani matangazo ya kubandika ukutani, 60 za rangi, dola 54. Nilizipanga mwenyewe na nilijivuna nazo: nyuso tatu za wasemaji wakitabasamu wakiwa na koti na tai, mwanga wa dhahabu nyuma yao, na juu kwa herufi nene: "NJOO UBADILISHE MAISHA YAKO". Chini: "Kongamano la Wanablogu na Watengenezaji Tovuti". Pembeni nembo ya mdhamini aliyetuahidi dola 250.

Tulizibandika mitaa ya Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si nchi), Kamalondo, Katuba, na mjini karibu na Posta. Siku ya pili nilikuwa kwenye kibanda cha kuchapa, nikamsikia mama mmoja akimuuliza mwenye kibanda: "Ule wa katikati njo pasta?" Nilicheka. Jioni kijana wetu akarudi kutoka Katuba na lake: watu wawili walimuuliza kampanye inaanza lini na kama wagonjwa wataombewa. Hapo sikucheka tena. Nilitoka nje nikaitazama afishi yangu kwa mbali, kama mpita njia, pale ukutani ilipobanwa kati ya mkesha wa maombi na wiki ya ukombozi. Mama alikuwa na haki. Nyuso, koti, mwanga, ahadi ya maisha mapya: nilikuwa nimechora kampanye ya injili, na yule wa katikati hata mimi ningemwita pasta.

Maneno nayo yalikuwa na kasoro yake. Mimi shuleni nilipenda Kiswahili cha vitabu, na "tovuti" kwangu ni neno la kila siku. Mtaani hapa watu wanasema saiti. Mwanafunzi mmoja aliniambia wazi kwamba afishi ile ni ya watu wa Tanzania, na kwamba aliona aibu kuuliza tovuti njo kitu gani. Dada aliposikia akaniuliza mara ya mwisho nilimwambia nani mdomoni "kongamano". Sikuwa na jibu.

Tulizing'oa zilizong'oleka. Safari ya pili tulichapa trakti 400 za nyeusi na nyeupe, nusu ya ukurasa, dola 16, bila uso wa mtu. Juu tuliweka swali: "Unauza kwa WhatsApp na unataka saiti yako mwenyewe?" Kwa wanaoandika: "Unaandika Facebook kila siku. Siku wakikufungia akaunti, utabaki na nini?" Kisha tarehe, mahali, namba ya simu. Trakti hizo hatukuzibandika ukutani. Tulizitoa mkononi, na ukimpa mtu karatasi mkononi anauliza.

25 mwezi wa 8. Msimbo uliokufa

Kwenye afishi na kwenye trakti tuliweka msimbo wa QR. Tuliutengeneza bure kwenye tovuti moja ya nje ambayo ilitusifia kwamba msimbo wao unaweza kubadilishwa baadaye. Jana, siku ya kumi na nne, mtu alinitumia picha ya skrini yake: alipoupiga msimbo ulimpeleka kwenye ukurasa wa Kiingereza unaomdai alipe. Kumbe bure yao ilikuwa ya siku 14, na msimbo haukuwa na anwani yetu ndani yake bali yao, wao ndio wakimpeleka mtu kwetu. Walipofunga mlango, karatasi zetu zote zikawa bubu siku moja.

Marekebisho: msimbo wa QR hauhitaji kampuni. Ni maandishi tu yaliyochorwa kwa vijumba vyeusi na vyeupe, Wajapani waliubuni mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari, na programu nyingi za bure zinauchora ndani ya kompyuta yako bila kumpitia mtu. Anwani iliyo ndani iwe ya domeni yako, fupi, mfano ukurasa uitwao /njoo, na ukitaka kubadilisha anakofikishwa mtu unabadilisha kwako. Anwani ikiwa fupi, vijumba vinakuwa vikubwa, na simu ya zamani yenye kamera iliyokwaruzwa inausoma. Tulichagua kiwango cha juu cha kujirekebisha, kile kinachostahimili hata karibu asilimia 30 ya mchoro ikiharibika, kwa sababu vumbi la mwezi wa 8 hapa halina huruma.

Tulichapa stika, dola 9, tukakaa chini kubandika trakti 260 zilizobaki, moja moja. Watoto wa dada walitusaidia kwa malipo ya vitumbula.

7 mwezi wa 9. Pesa

Waliojiandikisha walikuwa 126, na nilikuwa nikitembea kifua mbele. Yaya mhasibu akaniuliza swali moja: kati ya hao wangapi wamelipa kitu? Hakuna, ni bure. Akasema basi hatuna mtu hata mmoja.

Tulibishana usiku mzima. Mwisho tukaweka faranga 5,000, bei ya kumfanya mtu akumbuke bila kumfukuza, kwa pesa ya simu. Tukawapigia wote 126. Wiki ilipokwisha waliolipa walikuwa 31. Iliniuma, lakini namba 31 ilikuwa ya kweli na 126 ilikuwa ndoto.

Shimo jipya likafunguka papo hapo. Pesa inaingia ikiwa na jina la mwenye laini, si la aliyejiandikisha. Mtu anatumia laini ya mke wake, ya kaka yake, ya mwenye kabini, kile kibanda cha pesa ya simu. Tulikuwa na malipo 12 ambayo hatukujua ni ya nani, na watu 12 wanaolalamika kwamba wamelipa. Dawa ilikuwa rahisi mno: kila anayelipa anatutumia WhatsApp tarakimu nne za mwisho za namba ya muamala pamoja na jina lake. Tulizipanga kwenye jedwali moja. Hakukuwa na ugomvi tena.

Mdhamini wa dola 250 aliacha kupokea simu. Nembo yake ilikuwa imekwisha kukaa mitaani wiki nne, bure kabisa, juu ya afishi za pasta wetu. Sasa sheria yetu: pesa kwanza, nembo baadaye. Duka moja la simu lilitupa dola 100 kwa meza mlangoni. Walitaka pia dakika 40 za kuongea jukwaani. Yaya akasema hapana, na wakalipa vilevile.

15 mwezi wa 9. Sauti

Kabla ya hapa nilikuwa nimejaribu orodha ya matangazo ya WhatsApp: namba 190, ujumbe mmoja, bofya. Nilipongojea majibu yakaja sita. Nilidhani watu wamechoka nasi. Kumbe ujumbe wa orodha ile unamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa wengine wote unaangukia hewani, na wewe mtumaji huambiwi. Mimi nilikuwa na namba zao, wengi wao hawakuwa na yangu.

Dada wa mapishi, bila kumuuliza mtu, akarekodi sauti ya sekunde 41 akiwa jikoni. Nainakili kama alivyosema: "Weye unaandikaka ku Facebook kila siku, batu banasoma, banacheka, kisha inapotea. Kuya Jumamosi tarehe makumi mbili na munane, tukuonyeshe namna ya kuweka maandiko yako fasi haipotee. Iko faranga elfu tano, na chai iko ndani." Nyuma yake sufuria inasikika ikichemka.

Siku mbili, malipo 22.

Nikataka kuivuta sauti hiyo mpaka iishe nguvu, na karibu niiharibu. Niliisambaza yaleyale kila mahali. Baada ya kupita mikono mitano, WhatsApp inaiwekea alama kwamba imesambazwa mara nyingi, na tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuupeleka kwenye mazungumzo moja tu kwa wakati. Isitoshe, watu wakiona ile mishale miwili wanaufananisha na habari za uongo. Tukabadilisha: kila mmoja wetu akarekodi ya kwake, kwa mdomo wake, akaituma kwa watu wake akiwataja majina. Kijana mmoja aliisema yote kwa Kiluba kwa ajili ya wajomba zake. Wawili wakaja, hawana blogu wala duka.

Wiki hiyohiyo tulizunguka. Mimi na kijana tulikwenda vibanda vya kuchapa karibu na kampasi ya Kasapa, ambako wanafunzi wanasubiri kazi zao zitoke kwenye mashine, na mtu anayesubiri ana masikio. Hatukubeba kompyuta. Tulikuwa na simu moja. Tulimwomba mtu jina la biashara ya mama yake, na kwa dakika kumi tukamjengea ukurasa mbele ya macho yake. Swali lililorudi kila mahali halikuwa la saiti wala la blogu: "Kuko kula?" Tukajifunza kulijibu kabla halijaulizwa.

21 mwezi wa 9. Redio

Tulilipa usomaji mara tatu, dola 30, kwenye redio moja ya mjini. Nilipeleka karatasi yenye mistari sita. Mistari mitano ilikuwa sawa.

28 mwezi wa 9. Siku yenyewe

Waliolipa 83. Asubuhi walifika 71. Umeme ulikatika saa tatu na dakika arobaini, jenereta ikawaka (ya kukodi, ya mama yangu ilikataa kuvuliwa kaliko), na somo la kwanza likaendelea.

Msemaji wetu wa Kinshasa alikuwa aingie kwa video. Nilimwandikia "10h00". Saa nne ikafika, skrini tupu, watu 71 wakinitazama. Nikampigia: yuko njiani kwenda ofisini, ametulia kabisa, kwake bado ni saa tatu. Nchi yetu ina saa za namna mbili, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Hilo nalijua tangu darasa la nne. Dada akasimama akaonyesha jinsi anavyopiga picha za bukari (ugali) na sombe (kisamvu) kwa simu ya dola 80 kwa mwanga wa dirisha, bila kujiandaa, na wengi waliniambia hilo ndilo somo walilolipenda kuliko yote.

Saa nane kasoro kumi viti vilikuwa tupu. Mama mwenye funguo alifurahi.

Sisi watano tulibaki nje tukihesabu vikombe. Saa tisa ikafika, na harusi ikiwa imekwisha kujaa ukumbini. Ndipo nikaona vijana wawili wakiwa na daftari wanaingia mlangoni, nyuma yao msichana mwenye kompyuta kifuani, kisha wengine. Tisa kwa jumla. Walikwenda mpaka katikati ya ukumbi. Bibi harusi akawakaribisha, akidhani ni wa upande wa bwana. Msichana wa kompyuta alipewa soda kabla sijamfikia.

Ule mstari wa sita kwenye karatasi ya redio ulisema "saa 3". Sikuandika "asubuhi". Msomaji aliisoma kwa Kiswahili vizuri, saa tatu. Kwenye usomaji wa Kifaransa akaigeuza kuwa saa 3 za Kifaransa, na kwa kuwa hakuna mkutano wa saa 3 za usiku wa manane, akaona lazima iwe 15h, yaani saa tisa alasiri. Mtu hawezi kumlaumu. Mimi ndiye niliyempa namba isiyo na jua wala mwezi.

Tuliwarudishia pesa zao wote tisa, na tukakaa nao chini ya mwembe wa shule mpaka giza, kompyuta moja katikati. Watatu kati yao sasa wako kwenye kikutano chetu cha kila mwezi.

5 mwezi wa 10. Hesabu

Kila linki tuliyotoa ilikuwa na mkia wake wa utm_source, neno la mwishoni mwa anwani linaloonyesha mtu ametokea wapi, afishi mbali, sauti mbali, redio mbali, ili tovuti ituhesabie. Hesabu hiyo ilidanganya, kwa sababu mtu anaipata linki ya afishi kwa rafiki aliyeipiga picha, na rafiki hahesabiwi. Mlangoni tulimuuliza kila mtu kwa mdomo: nani alikuambia? Hesabu hiyo ndiyo ninayoiamini. Kati ya 71 wa asubuhi: 34 walisikia kwa mtu wanayemjua, kwa sauti au ana kwa ana. 15 tuliwakuta vibandani. 10 waliona linki kwenye hali ya WhatsApp ya mtu. 7 redio. 5 karatasi, na wote watano walikuwa wameshika trakti. Wa afishi hakuna. Ukiwaongeza wale tisa wa harusi, ambao wote walitaja redio, redio ilileta 16, na hivyo ilikuwa kazi nzuri kuliko nilivyoiandika kwanza kwenye daftari langu nikiwa na hasira.

Matumizi: nembo na kaliko lililopotea 45, domeni na hifadhi 48, afishi 54, stika 9, trakti 16, redio 30, mega na simu 22, usafiri 27, ukumbi 80, jenereta ya kukodi na mafuta yake 25, projekta 20, chai na vitumbula 64. Jumla dola 440.

Mapato: sisi watano dola 30 kila mmoja, meza ya duka 100, tiketi 83 zilizoleta faranga 415,000, yaani kama dola 148. Jumla 398. Ondoa zile tisa tulizorudisha, kama dola 16. Pengo ni dola 58, na yaya mhasibu amelibandika kwenye mlango wa friji ya dada, kwa jina langu.

Sauti ya sekunde 41 iligharimu mega za faranga 500. Dada ameombwa airekodi tena kwa ajili ya kikutano cha tarehe 26. Amesema atarekodi atakapokuwa anapika, siyo kabla.